Kipimo cha Daktari Urio

Mlango wa mtambo wa hewa ulikataa kufunguka.

Mwanaidi Shomvi alipangusa kiganja kwenye suruali yake ya kazi, akakiweka tena kwenye kioo, akidhani ni jasho tu. Nyuma yake mafundi wa zamu walikuwa wamejipanga, kila mmoja na kisanduku chake cha vifaa, wakipiga soga za asubuhi. Ndipo mlango ukasema, kwa ile sauti yake laini ambayo watu wa Kitongoji walikuwa wakiiigiza kwa mzaha:

"Mwanaidi Shomvi, hongera. Kwa usalama wa mtoto, huruhusiwi kuingia eneo hili. Tafadhali muone Daktari."

Soga zilikatika. Mume wa Mwanaidi, Shaweji, alikuwa Bagamoyo, duniani, na Mwanaidi alikuwa huku Mwezini kwa mwaka wa pili sasa. Hakuna fundi hata mmoja asiyelijua hilo.

"Mlango umekosea," Mwanaidi alisema.

Fundi Kimweri, mkubwa wao kwa umri, alikohoa, akatazama buti zake. "Mlango hauna akili ya kukosea, dada," alisema kwa upole. "Unasoma tu kilichotoka maabara. Nenda kamuone Daktari. Zamu tutaishika sisi."

Wakampisha. Walimpisha kwa heshima mno, wakijibana ukutani kana kwamba amebeba kitu cha kumwagika, na ile heshima ndiyo iliyomchoma.

Kitongoji ndilo jina walilolipa wenyewe makao yao. Kwenye karatasi yalikuwa na jina refu la kiserikali, lakini watu mia tatu wanaoishi ndani ya pango moja chini ya ardhi ya Mwezi, wanaojuana kwa vikohozi, hawawezi kuishi ndani ya jina refu. Walichimba barafu, wakatengeneza maji na hewa, wakalima mboga chini ya taa. Jambo moja tu lilikuwa limekatazwa kabisa: kuzaa. Hakuna aliyejua mtoto angekuaje mahali ambapo mtu mzima ana uzito wa mbuzi. Kwa hiyo kila mwezi kila mwanamke alitoa damu, na damu ilipimwa homoni ya mimba. Aliyekutwa nayo aliondolewa kwenye kazi zenye mionzi saa hiyo hiyo, ndugu zake wakapelekewa hongera, na chombo cha kwanza kilichoshuka duniani kilimchukua.

Aliyekitengeneza kipimo hicho alikuwa Daktari Ndeshukuru Urio, na ndiye aliyemfungulia Mwanaidi mlango wa maabara.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi zilizokatwa chini kabisa, na macho ambayo yalimtazama mtu kwanza ndipo yakatazama karatasi yake. Mwanaidi hakungoja kukaribishwa.

"Daktari, sijalala na mwanamume tangu nipande huku. Sijui niapeje ili uniamini."

"Usiape," Daktari Urio alisema. "Kaa. Nipe mkono."

Alichukua damu upya, akaipima upya mbele yake. Kichupa kiliwaka rangi ya samawati, hafifu, kama moto wa jiko la gesi ukiwa umepunguzwa. Daktari alikitazama kwa muda. Akampaka Mwanaidi maji baridi tumboni, akapitisha kifaa cha kupiga picha za tumboni huku na huku. Tumbo lilikuwa tupu.

"Hilo peke yake halitoshi," alisema. "Mimba changa haionekani. Au kuna uvimbe fulani ambao nao hutoa homoni hii hii. Nakuambia kwa sababu ni mwili wako. Kama ni uvimbe, leo leo naanza kukutibu kwa dawa kali, dawa ambayo huenda ikakunyima watoto baadaye. Kwa hiyo kabla sijakugusa na dawa hiyo, nataka kujua ninapigana na nini."

Mwanaidi alikuja kutetea jina lake, na sasa alikuwa anatetea tumbo lake.

"Nipe mkojo kidogo," Daktari alisema.

Mkojo haukuwaka kabisa. Kichupa kilibaki cheusi. Daktari Urio alivuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza Mwanaidi aliona uso wake ukibadilika. Homoni ya kweli, alieleza, ni ndogo, inapenya kwenye figo na kutoka. Inakuwaje damu iseme ipo na mkojo useme haipo? Alichukua ile damu, akaizimua kwa maji ya chumvi, nusu kwa nusu, kisha nusu ya nusu. Mwanga wa homoni ungepungua nao hatua kwa hatua. Huu ulipungua unavyotaka wenyewe: kwanza haukupungua kabisa, halafu ukazimika ghafla.

"Kuna kitu kinawasha taa yangu," Daktari alisema, "na kitu hicho si homoni." Akaushika mkono wa Mwanaidi tena, safari hii akaugeuza kwenye mwanga. Kuanzia kiwiko hadi kiganja kulikuwa na mikwaruzo, mingine mipya, mingine imeshapona. "Hizi ni nini?"

"Sungura. Nikitoka zamu huenda kwenye mabanda kuwalisha. Yale madume makubwa yanaparura."

Daktari Urio aliuachia mkono. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo kisicho na furaha, akajifunika macho kwa kiganja.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika. Kwetu tulifuga. Nikiwashika najisikia nipo nyumbani."

Daktari alimweleza polepole, akitumia mikono yake mwenyewe. Kipimo kilikuwa na kingamwili mbili, zile chembe ambazo mwili huzitengeneza kunasa kitu kigeni, kama mikono miwili. Mkono wa kwanza ulikaa chini ya kichupa ukisubiri kuinasa homoni. Mkono wa pili, uliobeba chembe ya kung'aa, ulikuja kuishika homoni ile ile kwa juu. Homoni ikiwepo, mikono inaungana na taa inawaka. Isipokuwepo, mkono wa pili unaoshwa na maji na giza linabaki. Kingamwili zilizoletwa kutoka duniani ziliharibiwa na mionzi njiani, kwa hiyo Daktari alijifunza kuzitengeneza hapa hapa, kutoka kwenye damu ya sungura wa Kitongoji. Kwa miaka mingi watu walimsifu kwa hilo. Wala sifa hizo hazikutosha; alikuwa ameitoa homoni ndogo isiyoonekana gizani kwa kutumia wanyama wa kitoweo.

"Lakini mwili wako, mwanangu, kwa kuparurwa kila siku, umejifunza kupigana na sungura. Damu yako imeikuta mikono yangu miwili, yote ya sungura, ikaikamata kwa pamoja. Mikono imeungana. Katikati hakuna homoni, hakuna mtoto, hakuna uvimbe. Kuna wewe tu na sungura wako."

Mwanaidi alilia. Alilia kwa nafuu, akiwa ameinamia meza ya watu, na Daktari akamwacha alie.

Walikuwa bado hivyo aliposikika mtu akibisha. Aliingia Bwana Rwegoshora, Mkuu wa Makao, mtu mnene mwenye sauti ya chini, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshasikia habari ya mlango kutoka kwa watu wanne tofauti. Daktari alimweleza yote. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa bila kukaribishwa.

"Daktari, unajua wiki hii kuna nini."

Wote walijua. Baraza la Makao, lililokaa duniani, lilikuwa linapiga kura ya kuondoa katazo la kuzaa. Rwegoshora alikuwa ameipigania kura hiyo tangu alipokabidhiwa Kitongoji. Hoja yake yote ilisimama juu ya kitu kimoja: kwamba hapa kuna kipimo kisichokosea, kitakachoilinda kila mimba tangu siku zake za mwanzo. Wanandoa kadhaa walikuwa wanasubiri. Wa kwanza wao alikuwa Nyamizi, mkuu wa bustani za mboga, ambaye umri ulikuwa unamkimbia.

"Baraza likisikia kwamba kipimo kimempa mimba mwanamke asiye nayo, kura imekufa," Rwegoshora alisema. "Sisemi tumdhulumu dada yetu. Nasema andika kwamba mimba imetoka. Hutokea kila siku. Kesho mlango unafunguka, anarudi kazini, hakuna swali. Baada ya kura utarekebisha kipimo chako kimya kimya."

"Na mume wangu?" Mwanaidi aliuliza.

Rwegoshora aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na swali lile lilimuumiza. "Mumeo unaweza kumweleza wewe mwenyewe, dada."

Mwanaidi alimgeukia Daktari. Alitegemea kusikia hapana, kali na ya mara moja. Lakini Daktari Urio alikuwa anakitazama kile kichupa cha samawati, na kimya chake kilikuwa cha mtu anayetazama nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na ndani ya nyumba mna watu wamelala.

"Nipe hadi kesho, Mkuu," alisema mwishowe. "Na huyu naye mpe hadi kesho. Ni jina lake."

*

Mwanaidi aliporudi chumbani, simu ya Shaweji ilikuwa inamsubiri. Sauti kutoka duniani ilichukua muda kidogo kufika, na ucheleweshaji huo ulikuwa umewafunza wanandoa wote wa Kitongoji kuogopa kimya.

"Nimepata hongera," Shaweji alisema.

"Sina mimba. Kipimo kimekosea. Sijalala na mtu, Shaweji."

Kimya. Kile cha kawaida kiliisha, kikaanza kingine.

"Mama alikuwa nami ujumbe ulipoingia," alisema. "Alishangilia kabla hajahesabu miezi. Majirani walisikia shangwe, wakasikia na kilichofuata." Akavuta pumzi. "Mimi nakusikiliza wewe, mke wangu, si mlango. Ila nakuomba kitu kimoja. Lile la kwanza lilitangazwa. Na hili litangazwe. Usinirudie na neno la kunong'ona, nikawa naamini peke yangu nyumba nzima."

Mwanaidi alitaka kumwambia habari za kura, za wanandoa wanaosubiri, za Mkuu. Alijikuta anasema tu, "Nimesikia."

Alipokata simu, Nyamizi alikuwa mlangoni, na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi.

"Nilisikia bustanini," Nyamizi alisema, akaketi ukingoni mwa kitanda, akampa kikombe. "Sikuja kuuliza ni ya nani, shoga yangu. Hilo ni lako. Nimekuja kuuliza kingine, na ukiona ni upuuzi usinijibu." Sauti yake ilishuka. "Ulijisikiaje? Yaani, mwili. Ulijua kabla ya kuambiwa?"

Mwanaidi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Angeweza kudanganya hapo hapo, na uongo ungekuwa zawadi. Badala yake alimweleza yote: sungura, mikono miwili, taa, Mkuu, kura. Alimwona Nyamizi akielewa. Ilikuwa kama kumtazama mtu anaposoma barua ya msiba mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo ukisema kweli, mimi sizai," Nyamizi alisema.

"Sijui. Huenda ni kuchelewa tu."

"Kuchelewa, kwangu mimi, ndiko huko kutozaa." Alisimama. Alifika mlangoni, akageuka, na uso wake ulikuwa na hasira isiyojua imwangukie nani. "Kama kimekudanganya wewe, kingenidanganya na mimi? Ningeambiwa ninaye, nikashangilia, nikampa jina, kumbe hakuna kitu?"

"Ndiyo. Kingeweza."

Nyamizi aliondoka bila kuaga. Mwanaidi alikaa na chai hadi ikapoa. Alikuwa na haki, hilo hakulitilia shaka. Kilichomsumbua ni kwamba bei ya haki yake ilikuwa na uso wa mtu anayempenda, na uso huo ulikuwa umetoka ukilia kwenye korido.

*

Kesho yake ukumbi wa chakula ulijaa. Kwenye ukuta ilionekana picha ya wajumbe wa Baraza, wamekaa duniani nyuma ya meza ndefu. Kikao kilikuwa cha maandalizi ya kura, na Rwegoshora ndiye aliyepangiwa kusema kwanza. Kabla hajasimama, Daktari Urio alimwendea Mwanaidi aliyekaa safu ya nyuma, akainama.

"Nimeamua langu," alinong'ona. "Siandiki kwamba mimba imetoka. Lakini naweza kunyamaza, na ukinyamaza nami nitanyamaza. Uongo siuandiki kwa mkono wangu. Kimya nakuachia wewe. Unasemaje?"

Mwanaidi alitazama safu ya mbele, mgongo wa Nyamizi. Alimwaza Shaweji akiamini peke yake. Na akamwaza mwanamke fulani asiyemjua, wa baadaye, atakayepewa dawa kali kwa uvimbe usiokuwepo kwa sababu tu watu wawili walinyamaza siku moja.

"Sema, Daktari," alisema. "Na useme jina langu."

Daktari Urio alitembea hadi mbele. Alibeba kisanduku kidogo, akakiweka mezani, akatoa vichupa viwili.

"Waheshimiwa," alisema, "mnaombwa kukiamini kipimo changu. Nimekuja kuwaonyesha mahali ambapo hakiaminiki."

Rwegoshora alifumba macho.

"Hii ni damu ya Mwanaidi Shomvi, mhandisi wetu wa hewa. Ameniruhusu kumtaja." Akatia matone, akasubiri, akaosha. Vichupa vyote viwili vikawaka samawati mbele ya watu wote. "Kipimo kinasema ana mimba. Jana mlango ulimwambia hivyo mbele ya wafanyakazi wenzake, na mfumo wetu ukaiambia familia yake. Sasa tazameni."

Akachukua damu ile ile tena, na vichupa vingine viwili safi. Kwenye kichupa cha pili alitangulia kutia tone la maji ya damu ya sungura wa kawaida, asiyefundishwa kuinasa homoni. Kama kuna kitu ndani ya Mwanaidi kinachowawinda sungura, alieleza, kitashibishwa na tone hili, kisiwe na haja na mikono ya kipimo. Homoni ya kweli haitajali.

Alirudia hatua zote kwa mikono isiyoharakisha. Mwanaidi hakuwahi kuona kitu kizuri kama mikono ile: ya mama mtu mzima anayekibomoa kipimo chake hadharani, kwa uangalifu ule ule aliokitumia kukijenga.

Kichupa cha kwanza kiliwaka. Cha pili kilibaki cheusi.

"Mwanamke huyu hana mimba, na hajawahi kuwa nayo tangu afike huku," Daktari Urio alisema. "Kipimo changu kimemsingizia. Namwomba radhi yeye, namwomba radhi mumewe Shaweji, na naomba maneno haya yapelekwe kwake kwa njia ile ile iliyopitisha hongera."

Mwenyekiti wa Baraza, mama aliyevaa miwani, alisogea mbele kidogo. "Daktari, unaelewa umefanya nini kwa ombi lenu?"

"Ninaelewa. Nimelifanyia kazi kuliko mtu yeyote aliyemo humu."

"Kuna mwingine wa kusema?"

Nyamizi alisimama.

"Mimi ni wa kwanza kwenye orodha ya wanaotaka kuzaa," Nyamizi alisema. "Jana nilitamani Daktari anyamaze. Nisiwafiche, nilitamani sana. Lakini nimekaa nikafikiri. Mkinipa mtoto wa kwanza wa Mwezini, nitakuwa napimwa damu kila uchao. Nitakapoambiwa yupo mzima, nataka nilie kwa furaha mara moja, bila kuuliza mara ya pili. Leo ndiyo nimejua ni nani wa kuniambia. Msilifute ombi letu. Lichelewesheni, na mumpe huyu mama anachohitaji."

Wajumbe waliinamiana, midomo ikicheza bila sauti. Mwisho Mwenyekiti alisema kwamba kura imeahirishwa hadi kipimo kipya kithibitishwe, na kwamba kazi ya kukithibitisha anaachiwa Daktari Urio. Picha ikazimika. Rwegoshora alibaki amekaa, kisha akanyanyuka, akaenda mbele, akamsaidia Daktari kufunga kisanduku.

*

Kipimo kipya kilichukua muda. Kingamwili zake hazikutoka kwa mnyama yeyote. Daktari Urio na Nyamizi walizifundisha kuota ndani ya majani ya mchicha, huko bustanini, na mara nyingi mchicha uligoma, ukanyauka, wakaanza upya. Watu walikuja kutoa damu bila kuitwa, wanaume kwa wanawake, hata Fundi Kimweri, aliyesema hana matumaini makubwa lakini apimwe tu.

Ilipofika zamu ya jaribio la mwisho, Daktari alimwita Mwanaidi.

"Kichupa chenye homoni ya kweli kinawaka, na damu ya kila mtu imepita," alisema. "Lakini yako ndiyo adui mkubwa kuliko wote niliowahi kukutana nao. Hiyo isipokidanganya, nitakiamini."

Mwanaidi alikunja mkono wa shati. Nyamizi alisimama pembeni, mikono yake ina harufu ya udongo wenye maji. Daktari alitia matone, akasubiri, akaosha, akazima taa ya chumba ili kusiwe na kisingizio.

Walikitazama kichupa, vichwa vitatu vikigusana. Hakikuwaka. Walisubiri zaidi ya inavyotakiwa, halafu zaidi ya hapo, na hakikuwaka.

"Giza," Nyamizi alinong'ona.

"Giza tupu," Daktari Urio alisema.

Nyamizi ndiye aliyeanza kupiga vigelegele. Mwanaidi akampokea, na huko koridoni waliokuwa wakipita walisimama, wasijue ndani ya chumba kile cheusi kuna nini cha kushangiliwa.